Mstari wa Tisa Ulipolala

Mama Ngolo wa nyumba ya tatu anadai aliona kwa macho yake mwenyewe. Anadai kuwa Jumanne ya wiki ile aliyokufa mtoto Minza, saa nne ya asubuhi, alipita kwenye Mstari wa Tisa wa mboga akienda kuchota maji, akakuta taa zote za mstari ule zimezimwa, wakati mistari mingine inawaka mpaka mtu anakunja uso. Anadai Bwana Lushinge, Mpima Mwanga Mkuu, alikuwa amesimama mbele ya sanduku la swichi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayeonja mboga kwenye chungu cha jirani, kisha akalifunga sanduku kwa ufunguo wake na kwenda zake akipiga mluzi. Na kitambaa chekundu cha mstari uliolazwa, anasema Mama Ngolo, hakikutundikwa. Alikitafuta mpaka nyuma ya ngazi. Hakikuwepo Jumanne, hakikuwepo Jumatano, na Alhamisi mstari ukiwa bado giza hakikuwepo vilevile.

Shida ni kwamba Mama Ngolo huyo huyo ndiye aliyedai mwaka juzi kuwa wingu la vumbi liliingia jikoni kwake, likakaa kwenye kigoda, likaondoka na sufuria. Kwa hiyo aliposimulia habari ya taa pale bombani, wanawake walicheka. Mmoja akamuuliza kama taa zenyewe hazikumwomba sufuria nyingine.

Nkwimba, mama wa Minza, alikuwa kwenye foleni na ndoo yake. Yeye hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Una hakika ilikuwa Jumanne, mayu?"

"Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Jumanne."

Nkwimba alijaza ndoo, akajitwisha, akaenda. Njiani alihesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ijumaa alfajiri, kabla kengele ya taa haijalia, ndipo yeye mwenyewe alipokata majani ya mwanawe kwenye mstari ule ule.

*

Chini ya Paa la Wembere hakuna mtu wa umri wa Nkwimba aliyewahi kuliona jua waziwazi. Vumbi lilipokaa angani na kukataa kushuka, watu wa mbuga ile walijengewa paa moja refu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mlango hadi mlango, na chini yake mistari arobaini ya mboga inayooteshwa kwa taa. Maji yenye mbolea hupita kwenye mizizi mchana na usiku. Taa huwaka kengele inapolia saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa kengele inapolia saa kumi na mbili jioni. Mwanga ukipungua, mstari mmoja hulazwa ili mingine ipate, na mstari uliolazwa hutundikwa kitambaa chekundu kwenye nguzo ya mbele. Hakuna anayekata jani penye kitambaa chekundu mpaka mstari uwashwe siku mbili kamili. Watoto wanaijua sheria hiyo kabla ya kujua majina ya baba zao. Sababu yake hakuna aliyeiuliza. Walisema majani yaliyolala yanasokota tumbo, basi.

Na kuna siku ya kijiko. Mtoto akitimiza miezi mitano anaonjeshwa chakula kwa mara ya kwanza, uji mwepesi uliotiwa maji ya mchicha mbichi uliotwangwa. Majani lazima yakatwe kabla ya kengele, eti kwa sababu taa bado haijayachosha. Yanatwangwa hapo hapo, yanakamuliwa ndani ya kibuyu, na kibuyu kinakaa karibu na jiko mpaka mjomba afike, kwa kuwa kijiko hushikwa na mjomba. Mjomba akichelewa, kibuyu kinangoja.

Mjomba wa Minza alitoka mlango wa mashariki na baiskeli yenye pancha. Alifika saa tisa alasiri. Minza alikula vijiko vinne, akalamba midomo, watu wakapiga vigelegele. Kabla vyombo havijaoshwa, midomo ile iligeuka kijivu, kisha kucha, kisha nyayo. Nkwimba alikimbia naye zahanati. Nesi alimtoboa kidole, damu ikatoka ya rangi ya kahawa iliyochemka sana. Nesi akasema ni moyo. Akasema wapo watoto wanaozaliwa na moyo wenye tundu.

Bwana Lushinge alikuja. Hilo Nkwimba alilikumbuka vizuri kuliko mambo yote. Alisimama mlangoni mwa zahanati, kofia mkononi, akamtazama mtoto, akaitazama ile damu kwenye pamba. Midomo yake ikafunguka. Kisha ikafungwa. Alisema pole sana, mwanangu, akaondoka. Minza aliishi saa moja zaidi baada ya hapo.

*

Nkwimba alikuwa na elimu ya darasa la saba na subira ya mtu anayepepeta mchele wenye mawe. Hakwenda kumshtaki mtu. Angesema nini? Angemtaja shahidi gani, Mama Ngolo na wingu lake? Alingoja. Nafasi za walinda taa zilipotangazwa, akaandika jina lake. Kilichotakiwa ni kujua kusoma na kutosinzia, na yeye tangu Ijumaa ile usingizi ulikuwa umemhama.

Mafunzo yalikuwa ya wiki sita, na mwalimu alikuwa Bwana Lushinge mwenyewe. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo lilimkera Nkwimba kuliko kama angekuwa mbaya. Aliwachekesha. Aliyajua majina ya wote. Alichora jani ubaoni kubwa kama mlango, akasema jani ni jiko. Mizizi inaleta chumvi ya mbolea, iitwayo nitreti, na hiyo ni unga usiopikwa. Ndani ya jani yupo mpishi, kitu kidogo kisichoonekana kiitwacho kimeng'enya, na kazi yake ni kuupika ule unga uwe chakula cha mmea. Ila mpishi huyu, akasema, ana tabia moja. Bila mwanga hafanyi kazi. Zima taa, dakika chache tu anakunja mikono. Mwache gizani siku nzima, na jiko lenyewe analihama, mpaka uwashe tena ndipo atengenezwe mwingine. Lakini mizizi haina habari. Mizizi inaendelea kuleta unga, unarundikana, unajaa jani mpaka juu. Na jani kwa nje ni zuri, laini, kijani kibichi, limenona.

Kisha aliwagawia karatasi nyembamba za kupimia. Unaponda jani, unachovya karatasi. Jani lililoamka linaiacha karatasi nyeupe au waridi hafifu. Jani lililolala linaigeuza zambarau.

Nkwimba aliinua mkono.

"Mtu akila hilo lililolala, baba?"

"Mtu mzima hatajua hata kama amekula," alisema Lushinge. Alikuwa anafuta ubao, mgongo umewaelekea. "Ng'ombe akila sana anaanguka. Na mtoto mchanga... majani mabichi yakitwangwa yakakaa sana kwenye joto, kuna vijidudu vinavyoigeuza ile chumvi kuwa kitu kingine. Kikiingia kwenye damu ya mtoto, damu inashindwa kubeba hewa. Ila ni nadra. Na dawa ipo. Dawa ya buluu, ya sindano. Hata zahanati yetu ina chupa."

Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kufutika. Nkwimba aliandika yote kwenye daftari kwa herufi za shuleni, kubwa na zilizonyooka. Aliandika *chupa*, akaipigia mstari. Kutoka mlango wa zahanati hadi kabati la dawa ni hatua sita. Alikwenda kuzipima siku ile ile, kwa kisingizio cha kusafisha taa za dari. Chupa ilikuwepo, imejaa, kizibo chake hakijaguswa.

Miezi miwili baadaye, akiwa mlinda taa wa mstari wa saba hadi wa kumi na mbili, aliruhusiwa kulisoma daftari la zamu. Wiki ile, Mstari wa Tisa, kwa mwandiko mzuri wa Mpima Mkuu: *unawaka, unawaka, unawaka*. Na ukurasa wa pili, habari ya wageni kutoka makao makuu waliokuja kuitazama Bustani ya Wageni, wakaisifu kwa jinsi ilivyong'ara. Betri zilikuwa chini wiki ile. Mwanga ulitakiwa utoke mahali. Na kitambaa chekundu kingetundikwa, wageni wangeuliza kwa nini mstari wa wananchi umelazwa.

Basi ndiyo hiyo. Maua yang'are, wageni wasiulize. Nkwimba alilifunga daftari, akalirudisha kwenye msumari wake, likiwa limenyooka.

Chuki yake haikuwa ya makelele. Aliamka nayo, akaioga, akavaa, akaenda nayo kazini. Aliposalimiana na Lushinge njiani alisema shikamoo kwa heshima zote na kungoja marahaba. Alimtaka mzee yule ashike kijiko, basi. Alitaka aone rangi ile ikipanda kutoka midomoni mwa mtu wake.

*

Kabula, binti pekee wa Lushinge, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mhoja. Mtoto alipokaribia miezi mitano, Kabula alikuja nyumbani kwa Nkwimba na kibakuli cha karanga za kuchemsha. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu uzazi, na kuinama kwenye mistari alfajiri hakukuwezekana. Mama yake alikwisha kufariki. Desturi inaruhusu mwanamke mwingine akate majani, mradi achaguliwe na mama wa mtoto.

Alizungukazunguka sana kabla ya kulisema. Aliongea habari za kifua, za vumbi, za bei gani sijui ya vitenge, mpaka Nkwimba akamuuliza amekuja kwa lipi hasa.

"Nikatie wewe, dada," alisema Kabula. "Najua ni kitu kigumu kukuomba. Watu wameniambia nisikuombe. Wanasema mkono wako..." Akaiacha hapo. "Mimi siamini mambo hayo. Nilikuwepo siku ya Minza. Naona wewe ndiye unayestahili kuwekwa mbele, usije ukakaa nyuma kila siku kama mwenye kosa."

Ulikuwa wema mtupu, na Nkwimba aliusikia ukimwingia kama mwiba, maana hakuwa ameuomba. Mtoto Mhoja alikuwa mgongoni, amechomoza kichwa, anamtazama. Alikuwa na meno mawili yaliyotoka mapema. Akanyoosha mkono, akamshika Nkwimba kidole, akakivuta mdomoni.

"Na kijiko atashika nani?" Nkwimba aliuliza. "Huna kaka."

"Baba. Amekubali. Amefurahi mpaka amenunua kofia."

Nkwimba akakitoa kidole chake taratibu.

"Nitakata," alisema.

*

Jumanne saa nne asubuhi alizima Mstari wa Tisa. Kwanza alipita kwa wakataji wote na kuwaambia mabomba ya mstari ule yana kazi, wakakate Mstari wa Nane mpaka Jumamosi. Hakutaka mtoto wa mtu mwingine aingie. Kwenye daftari la zamu aliandika *unawaka*. Kitambaa chekundu alikikunja mara nne, akakikalia.

Alhamisi Mama Ngolo alipita na ndoo. Alisimama. Alitazama taa, akatazama nguzo tupu, akamtazama Nkwimba aliyekaa mlangoni mwa kijumba cha swichi. Wakatazamana kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Kisha Mama Ngolo akajitwisha ndoo yake na kuondoka, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie chini ya Paa, hakuwa na la kudai.

Siku hiyo hiyo mchana ilikuwa zamu ya kusafisha taa za zahanati. Nkwimba alipanda ngazi, akafuta, akashuka. Kabati lilikuwa wazi, nesi akiwa nje anaongea. Chupa ilikuwa pale, ndogo, ingekaa vizuri kwenye fundo la kanga, karibu na Mhoja kesho, na pasiwe na wa kujua. Aliinyooshea mkono mpaka ncha za vidole zikaigusa. Kioo kilikuwa cha baridi. Akaurudisha mkono, akachukua kitambaa chake cha kufutia na ndoo, akatoka.

Ijumaa alfajiri alikata. Majani yalikuwa mazuri kupita yote aliyowahi kukata, mapana, manene. Aliponda moja kwenye kiganja, akachovya karatasi. Ilipita waridi bila kusimama, ikawa zambarau, ikaenda karibu na nyeusi. Alitwanga mengine kwenye kinu cha Kabula, uani, Kabula mwenyewe akimwimbia mtoto ndani. Alikamua ndani ya kibuyu na kukiweka karibu na jiko. Hapakuwa na mjomba wa kungojwa siku hiyo, lakini Nkwimba alisema wageni wa mlango wa magharibi wasiachwe, si vizuri, na wote wakaona ana adabu. Kibuyu kikangoja mpaka saa nane na nusu.

*

Walijaa chumbani mpaka barazani. Lushinge alikaa kwenye mkeka, kofia mpya kichwani, mtoto kwenye paja, anamchezesha kwa kumtingisha. Alikuwa babu kweli kweli, macho yamelainika. Nkwimba alileta bakuli la uji, akakichukua kibuyu, akamimina yale maji ya kijani mbele yao wote, akakoroga. Kisha alipiga magoti kumkabidhi kijiko, kama inavyotakiwa. Alipoinama sikio la mzee lilikuwa karibu na mdomo wake, na zile kelele zilitosha kufunika maneno machache.

"Ni ya Mstari wa Tisa, baba. Umelala tangu Jumanne. Kama mara ile ya kwanza."

Kisha akarudi nyuma, akakaa kati ya wanawake, mikono mapajani.

Aliona maneno yakifika. Uso wa Lushinge haukubadilika mara moja. Kilichobadilika ni mguu, uliacha kumtingisha mtoto. Halafu alikitazama kijiko alichoshika kana kwamba mtu amempa nyoka akamwambia ashike vizuri. Aliinua macho na kumtafuta Nkwimba kati ya watu, na alipompata, Nkwimba hakuyakwepa. Alikuwa amengoja miezi kumi na tano kutazamwa hivyo.

"Baba, anza basi," alisema Kabula, anacheka. "Mtoto anadondosha mate."

Lushinge alichota. Tone likaanguka kwenye kifua cha mtoto. Alisema uji ni wa moto. Kabula akaupuliza, akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema si wa moto. Lushinge akasema basi labda asubiriwe mzee fulani wa ukoo. Mtu akajibu kwamba mzee huyo yupo, amekaa pale mlangoni, na mzee akapunga mkono. Watu walicheka. Babu ana aibu, walisema. Babu anaogopa mtoto wa miezi mitano. Vigelegele vikaanza upya, na Mhoja, aliyechoka kungoja, akajivuta mbele mwenyewe na mdomo wazi.

Kijiko kilikuwa upana wa kidole kutoka mdomoni.

Nkwimba aliona meno mawili. Aliona ulimi. Alisikia ndani yake sauti ikisema simama, na nyingine ikisema ngoja, ngoja kidogo, na hakujua ipi ni yake. Mikono ilikuwa mapajani. Haikuinuka. Aliitazama kama mikono ya mtu aliyelala.

"Hapana," alisema Lushinge.

Akakirudisha kijiko bakulini. Kelele zilikatika vipande vipande, za mbele kwanza, kisha za barazani.

"Hapana nini, baba?" Kabula aliuliza.

"Majani haya hayafai. Mstari ulilala."

Hapo ingewezekana kuishia. Angeweza kusema zaidi kidogo, kwamba kuna uzembe wa mlinda taa, na uso wa kila mtu ungemgeukia Nkwimba, na Nkwimba alilijua hilo tangu mwanzo. Lakini kutoka barazani ilisikika sauti ya Mama Ngolo, bila haraka, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Yakilala yanasokota tumbo tu, si ndivyo? Sote tumekula. Mbona umekatika jasho hivyo, Bwana Mpima? Kwa mtoto yanafanya nini?"

Lushinge alifungua mdomo. Nkwimba aliujua mdomo ule, alikwisha kuuona ukifunguka hivyo mlangoni mwa zahanati. Akangoja ufungwe. Mzee alimtazama mjukuu wake, akamtazama na binti yake, na kofia mpya ilikuwa imeteremka upande.

"Yanaua," alisema. "Nimeshaona mara moja."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Palikuwa na mtoto mmoja tu. Mmoja baada ya mwingine waliligeuzia uso lile kundi la wanawake alipokaa Nkwimba, na kimya kile kikamfikia kama maji ya moto yanayomwagwa polepole. Ndicho alichokuwa anakitaka. Kilikuwa kitamu, asiseme mtu kwamba hakikuwa kitamu. Mzee alikuwa anaongea sasa, kichwa chini, habari za betri na wageni na zile siku tatu, na habari ya chupa, na kila neno lilipotoka Nkwimba alilipokea na kuliweka mahali pake. Mtu fulani alikuwa analia. Wazee walimwinua Lushinge kwa makwapa, si kwa ukali, wakampeleka kwenye baraza la Paa kabla kengele ya jioni haijalia. Ufunguo wa masanduku walimvua shingoni mlangoni.

Katika yote hayo, Kabula alikuwa amembeba mwanawe. Alikuwa anaitazama mikono ya Nkwimba pale mapajani.

*

Jumapili mchana Kabula alikuja kwenye kijumba cha swichi. Mstari wa Tisa ulikuwa umewashwa tangu juzi na kitambaa kikining'inia nguzoni. Nkwimba alikuwa anaandika kwenye daftari la zamu. Baraza lilikuwa limemwita pia, likamuuliza juu ya siku zile tatu. Aliwaambia alimtega mtu aliyehitaji kutegwa. Wazee walinong'onezana, wakasema watamwita tena.

Kabula hakusalimia. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala, shavu limebonyea.

Alisema amemwona baba yake. Alisema hamtetei, asifikiri amekuja kumtetea. Alifanya alichofanya, na zaidi ya alichofanya ni kunyamaza kwake, na kama atafukuzwa chini ya Paa na kwenda kuishi kwenye vumbi, atakwenda. Alisema usiku haujampitia vizuri tangu Ijumaa. Alimwomba Nkwimba msamaha kwa ajili ya Minza, maneno yakamtoka vibaya, akayarudia. Nkwimba alisikiliza. Alisema ahsante. Alidhani yameisha.

"Nilikuwa nakutazama mikono," alisema Kabula.

Nkwimba aliweka kalamu chini.

"Wote walikuwa wanakitazama kijiko. Mimi ni mama, nilitazama kijiko kwanza. Halafu baba aliposema hapana, nikakutazama wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyekata. Ulikuwa umekaa. Hukuwa umejiinua hata kidogo. Mtu anayetaka kuzuia kitu, dada, mwili wake unatangulia. Bega linakwenda. Goti linakwenda." "Wako ulikuwa umetulia kama uko kanisani."

Taa zilivuma juu yao. Nje, mkataji alikuwa anaimba peke yake kwenye Mstari wa Kumi, anarudia kipande kimoja tu anachokijua.

"Sikuja kukushtaki. Baraza halitasikia hili kutoka kwangu. Ila huyu nitamlea hapa hapa, na wewe utapita mlangoni kwangu kila siku, na nataka niweze kukuita dada." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya kuomba, na hakujaribu kuificha. "Niambie ungekizuia. Niambie ulikuwa unamngoja baba tu, na kwamba asingesema, wewe ungesema. Hata kama si kweli, Nkwimba. Sema tu, mara moja, nisikie kwa masikio yangu."

Mtoto alijinyoosha usingizini, akafungua macho, akamwona Nkwimba. Akacheka na meno yake mawili.

Kabula alisubiri.

Nkwimba alimtazama mtoto. Kisha akaitazama mikono yake, iliyokuwa juu ya daftari, kiganja kimoja juu ya kingine, imetulia kama Ijumaa.